Waimbaji Wawili Njiani



Jioni hii nataka kusema nanyi habari za watu ambao mmewaona mara nyingi, lakini yamkini hamjakaa kuwafikiri. Ni waimbaji wa mashamba watembeao wawili wawili. Mmoja ana gitaa, mwenzake ana chupa tupu na msumari, nao huenda kijiji kwa kijiji wakiimba penye arusi na penye vilabu vya pombe. Hufika jioni na vumbi miguuni, huimba mpaka jogoo awike, na watu wanapoamka na vichwa vizito, wao wamekwisha shika njia. Basi wenyeji husema, "Wale hawana kazi." Na mzazi aonaye kwamba mtoto wake apenda gitaa humkanya, "Mwanangu, tafuta kazi. Kuimba si kazi." Maneno hayo nimeyasikia Ndama, nimeyasikia Kayanga, na nimeyasikia hata katika chumba cha walimu, mahali ambapo mtu angetazamia fikira zaidi kidogo. Mimi nasema ni kazi, tena ni kazi ya taabu, nami nitaieleza kama ambavyo ningeieleza kazi ya seremala au ya mvuvi.

Kwanza tutazame vyombo vyao. Gitaa la shamba halitumii umeme. Ni lile gitaa kavu ambalo watu wengi waliliita galatoni, kwa jina la santuri za Gallotone zilizotoka Johannesburg na kuenea katika nchi zetu. Mbao zake ni nyembamba, zimeunganishwa kwa gundi, na adui zake ni wawili: mvua ya vuli na masika, ambayo huvimbisha mbao na kulegeza gundi, na jua la kiangazi, ambalo huzipasua. Kwa hiyo mwenye gitaa hulivika mfuko wa mbolea uliooshwa vizuri, na mvua ikimkuta njiani hulivua koti lake na kulifunika gitaa, yeye mwenyewe akalowa. Watu humcheka. Lakini koti hukauka asubuhi, na gitaa lililolowa halirudi kuwa gitaa.

Uzi ukikatika usiku wa manane katika kijiji cha mbali, hakuna duka. Mwenye busara huchukua nyuzi za akiba. Asiye nazo huomba waya wa breki ya baiskeli, huuchambua, hutoa uzi mmoja mwembamba na kuufunga mahali pa ule uliokatika. Sauti yake ni kali kidogo, walakini arusi huendelea. Tena, akitaka kuipandisha sauti ya gitaa lote ilingane na koo lake, huchukua kalamu ya risasi, huilaza juu ya shingo ya gitaa na kuikaza kwa mpira au kamba, hata nyuzi zote zikabanwa pamoja. Nimewaambia wanafunzi wangu chuoni kwamba kalamu ile hufanya kazi kuliko kalamu nyingi nizionazo darasani.

Chupa nayo si takataka. Huchaguliwa. Chupa nzuri ni ile ya soda ya zamani yenye mikunjo ubavuni, kwa maana huweza kugongwa na pia kukwaruzwa, hivyo ikatoa sauti mbili. Apigaye chupa ndiye ashikaye mwendo. Mpiga gitaa akizidiwa na furaha akaanza kukimbia, chupa humrudisha. Akichoka saa nane za usiku na vidole vikawa vizito, chupa humwamsha.

Watu wengi hudhani kwamba mtu huyu wa pili ni msaidizi tu, kijana aliyefuata ili ale wali wa arusi. Hapo wanakosa sana. Mpiga gitaa hutazama vidole vyake, au hufumba macho. Wa pili ndiye mwenye macho. Yeye huona kwamba wazee wamechoka na nyimbo za vijana, kwamba mlevi mmoja anakaribia kuliangukia gitaa, kwamba mama wa bibi arusi anafuta machozi na wimbo ule usikatwe bado. Yeye huitikia, huhesabu fedha, tena huuliza njia. Zaidi ya hayo, anayo kazi moja ambayo wageni wa arusi hawaioni kabisa: kabla ya jua kutua huzunguka nyuma ya nyumba, penye mafiga, akamtafuta bibi mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ninyi ndio waimbaji?"

"Ndio sisi, bibi. Twaomba utufundishe majina ya wenye nyumba, tusije tukakosea."

Naye bibi, kama ni mwema, humweleza yote: baba wa bwana arusi ni nani na ni wa ukoo gani, mjomba yupi ametoa ng'ombe, shangazi yupi ametoka mbali, na ni nani aliyekufa mwaka huu ambaye jina lake lisiguswe usiku ule. Pia humnong'oneza ni ndugu gani wawili hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba. Nusu saa ile ya jikoni ndiyo siri ya sifa zote zitakazoimbwa baadaye. Mjomba asikiapo jina lake na la babu yake katika wimbo, husimama, hucheza, na kuwatuza. Hudhani kwamba waimbaji wamemjua tangu zamani. Kumbe wamemjua tangu saa kumi na moja.

Sasa njia yenyewe. Tuseme wametoka Ndama, nao wamealikwa Murongo, kule kwenye mto Kagera ambako ng'ambo ni Uganda. Hapana budi wafike Omurushaka kwanza, kisha Nkwenda, kisha Isingiro, kisha Kaisho, na vilima vya Karagwe na Kyerwa mnavijua wenyewe. Wakipata gari, vema. Wasipopata, hupanda pikipiki moja watu watatu pamoja na dereva, jambo ambalo vijana huliita mshikaki na ambalo si halali wala si salama. Gitaa hukaa katikati, limekumbatiwa kama mtoto. Kipande kingine huenda kwa miguu. Sisemi haya ili kuwasikitikia. Msafiri wa biashara ya kahawa au ya ndizi naye hupata taabu njiani, ila yeye akifika hupewa kiti, maji, na swali la bei. Waimbaji wakifika huambiwa, "Haya, anzeni!"

Pia huambiwa waimbe nje, penye umande. Hula mwisho, kwa sababu wakati wa kula ndio wakati ambapo watu hutaka muziki. Wakimaliza saa kumi na moja za alfajiri, hakuna aliyefikiri habari za mahali watakapolala, nao hujinyosha juu ya majani ya migomba palepale uwanjani, gitaa likiwa mto wa kichwa. Niliwaona wawili wamelala hivyo, na watoto wa nyumba ile wamewazunguka wakizivuta nyuzi kwa vijiti.

Hesabu ya fedha ndiyo inayodanganya watu, basi wanafunzi wachukue kalamu. Hesabu hii ni ya mfano. Wamepatana na baba wa bwana arusi shilingi 60,000. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni shilingi 24,000. Chakula cha njiani shilingi 5,000. Nyuzi mbili shilingi 4,000. Zimebaki shilingi 27,000. Siku ya kwanza walisafiri, siku ya pili waliimba mpaka kukacha, siku ya tatu walirudi. Watu wawili kwa siku 3 ni siku 6 za kazi. Gawanyeni: kila mtu amepata shilingi 4,500 kwa siku, na kwao palilio limengoja. Mwenye arusi husema moyoni mwake, "Shilingi 60,000 kwa usiku mmoja! Watu hawa ni wanyang'anyi." Yeye amehesabu usiku mmoja, wao wamehesabu siku tatu, na ugomvi wote kati ya waimbaji na wenyeji hutoka katika tofauti hiyo.

Kuna ubaya mwingine, nao ni wa vilabuni. Mwenye klabu huwaita waimbaji ili wateja wakae zaidi na kunywa zaidi. Wateja hukaa, hunywa, naye hupata faida yake. Asubuhi, wakidai ujira, huwaambia, "Lakini ninyi mlikunywa." Kweli walikunywa, kwa kuwa kila walipomaliza wimbo aliwaletea kibuyu kingine cha rubisi bila kuulizwa. Nimejua waimbaji wawili walioondoka katika klabu moja hivi, baada ya usiku mzima, na deni juu yao. Mtu akilipwa kwa pombe miaka mitano, halafu watu wakasema kwamba waimbaji ni walevi, basi na wajiulize ni nani aliyemjaza.

Zamani hapa Karagwe mambo hayakuwa hivyo kwa kila mwimbaji. Kabla ya gitaa palikuwa na nanga, ambayo hata leo haijaisha. Ni ubao uliochongwa wenye tumbo kama chano, na juu yake uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Speke alikwenda Buganda Januari 1862, lakini Grant alibaki kwa sababu ya ugonjwa wa mguu mpaka mwezi wa Aprili. Kwa hiyo alipata nafasi ya kusikiliza, na katika kitabu chake cha mwaka 1864 aliisifu nanga kuliko vinanda vingine, akataja moja iliyopigwa na mwanamke mzee ambayo nyuzi zake, ila mmoja, zililingana sawasawa. Napenda kuwakumbusha wasichana habari za mwanamke yule, kwa maana siku hizi mtu akisema "mwimbaji wa njiani" watu huona mwanamume tu.

Mpiga nanga aliyependwa katika nyumba ya Mukama aliweza kupewa ng'ombe au shamba. Hakuhitaji kubishania nauli. Utawala wa machifu ulipofutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1963, mfadhili yule aliondoka, na aliyekuwa akiimba penye baraza la mtawala ikampasa kuimba penye arusi na vilabuni kama wengine. Tendi ambazo zamani zilisikilizwa kwa utulivu kwa muda wa saa nyingi sasa zilishindana na kelele za walevi. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza tendi za nanga za Wahaya, akaandika tasnifu yake mwaka 1986, na kwa juhudi za watu kama yeye maneno mengi yamehifadhiwa. Lakini kitabu hakiwezi kumlipa nauli mpiga nanga aliye hai. Gitaa limepita mlango uleule: halikupata kuwa na Mukama wa kulilisha. Tangu siku ya kwanza lililishwa na njia.

Yuko aliyepata kula vizuri kwa gitaa? Yuko, na habari zake ni za kufaa. Katika nchi ya Katanga, huko Kongo, alizaliwa mwaka 1930 mtu aitwaye Mwenda Jean-Bosco, wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimsikia katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi ni Likasi, akamtia katika santuri. Wimbo wake mmoja, uitwao Masanga, ulimshangaza kila apigaye gitaa, kwa sababu wengi waliousikia walidhani ni watu wawili wanapiga. Kumbe alikuwa mmoja, akitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Alikuwa na ndugu wa ukoo, Edouard Masengo, naye fundi wa gitaa. Wote wawili waliimba Kiswahili cha kwao, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakawa Nairobi, wakasikika katika redio, na vijana wa Kenya wakaanza kuwaiga.

Sasa angalieni ni nani aliyewalipa. Hakuwa Mukama, wala hakuwa mwenye arusi. Walikuwa wenye biashara. Mwenda aliimba katika redio ili kutangaza vidonge vya Aspro vya kutuliza kichwa, na Masengo alitembea akitangaza soda ya Coca-Cola. Wako wanaosema kwamba ni aibu mwimbaji mkubwa kuimba habari za vidonge. Mimi sioni aibu. Mwenye vidonge alitaja bei mapema na kulipa fedha, jambo ambalo wenye arusi wengi hawajajifunza. Mwaka 1969 Mwenda alifika mpaka Marekani, akaimba katika tamasha la Newport. Lakini njia ilimpa, na njia ikamtwaa: mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari huko Zambia.

Nimetaja Marekani, na huko nyimbo za mashamba ni kazi inayojulikana, yenye watu waliotajirika na watu waliovunjika. Mmoja wa walioanzisha njia hiyo ni Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufanya kazi katika reli. Alitiwa katika santuri mara ya kwanza mwaka 1927. Alikuwa na kifua kikuu, akasafiri na kuimba na ugonjwa huo miaka yote, hata mwezi wa Mei 1933, huko New York, ilibidi kuwekwa kitanda apate kupumzika kati ya wimbo na wimbo. Siku chache baadaye alikufa, umri wake miaka 35. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwakuta wasichana wa huko wakiimba juu ya Chemirocha, ndilo jina lake katika kinywa chao, na kwao alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Sauti ya mtu wa reli ilikuwa imesafiri kuliko mwili wake.

Habari nyingine ya huko yahusu hasa watu wawili, na nataka vijana wa Ndama waisikie. Walikuwako ndugu wa tumbo moja, Ira na Charlie Louvin, wenyeji wa Alabama. Sauti zao zililingana hata msikilizaji hakuweza kutenga hii na ile. Lakini Ira alikuwa mwepesi wa hasira na mpenda kinywaji, na kinanda chake kilipokataa kulingana aliweza kukivunja mbele ya watu. Mwaka 1963 waliachana. Mwaka 1965 Ira alikufa katika ajali ya gari. Ikiwa ndugu waliolelewa katika nyumba moja walishindwa kuvumiliana njiani, si ajabu vijana wawili waliokutana klabuni wakishindwa.

Kwa kadiri nilivyowaona waimbaji wa kwetu, mara nyingi hawagombani kwa sababu ya nyimbo. Hugombana kwa sababu ya gitaa. Mwenye gitaa husema, "Chombo ni changu, nipate zaidi." Mwenye chupa hujibu, "Gitaa lako bila mimi lingeimbia mbu." Wote wawili wana haki. Dawa yake hatuna haja ya kuitafuta mbali, kwa maana wavuvi wa Ziwa Viktoria wanayo: mtumbwi na nyavu hupewa fungu lao katika mapato, kama mtu. Basi na gitaa lipewe fungu. Zikibaki shilingi 27,000, wagawe mafungu matatu ya shilingi 9,000: moja la mpiga gitaa, moja la mwenzake, moja la gitaa. Ila fungu la gitaa lisiingie katika mfuko wa mwenye gitaa. Lishikwe na yule wa chupa, litumike kwa nyuzi, gundi na kulitengeneza lilipopasuka. Hivyo mmoja ana chombo, na mwingine ana akiba yake, na hakuna awezaye kumkimbia mwenzake kwa urahisi. Nawajua wawili waliofuata desturi hii, nao wamedumu pamoja kuliko ndoa nyingi walizoziimbia.

Siku hizi limeingia jambo jipya. Wimbo haungoji tena waimbaji wafike. Mgeni wa arusi huinua simu yake, huunasa wimbo, na kabla ya kucha umefika Nyaishozi na Bukoba, hata kwa jamaa walio Ulaya. Wawili wetu wakifika Kaisho wiki ya pili, watoto wanaujua wimbo wao, lakini si majina yao. Kwa upande mmoja ni faida, kwa kuwa sifa yao imetangulia bila nauli. Kwa upande mwingine, mwenye duka huupiga wimbo uleule kutwa mlangoni, akavuta wateja, na hawapati hata senti. Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na iko COSOTA ya kuisimamia. Sheria humlinda mtunzi hata asipojiandikisha, lakini kujiandikisha humrahisishia kudai haki yake. Kijana ajuaye kusoma na kuandika aweza kuwasaidia sana waimbaji wa kijiji chake kwa kuwaandikia majina ya nyimbo, tarehe, na jina la aliyetunga, na kuwajazia karatasi zinazotakiwa. Ni kazi ya jioni mbili. Walimu wenzangu nao wangeweza kuwafundisha wanafunzi kuandika mapatano mafupi: nani amemwalika nani, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, kwa shilingi ngapi, nauli juu ya nani. Twawafundisha barua za kuomba kazi ambazo wengi hawatazituma kamwe. Barua hii ingetumwa kila mwezi wa arusi.

Kwa mzazi yule wa Ndama asemaye kwamba kuimba si kazi, nina neno. Asimwambie mwanawe kwamba si kazi. Amwambie ukweli, kwamba ni kazi ya msimu. Kahawa ikiuzwa watu wana fedha, na arusi hufuatana. Msimu ukipita waimbaji hukaa bure. Kwa hiyo kijana atakaye kuishika na awe na shamba la migomba au ufundi wa mkono wa kurudia. Tena mzazi amchunguze yule mwenzake kama ambavyo angemchunguza mchumba, maana ndiye atakayekaa naye njiani, ndiye atakayeshika fedha, na siku mmoja akipata homa katika kijiji cha ugenini, ndiye atakayempeleka hospitali.

Na ninyi wenye arusi za mwaka huu, mkitaka waimbaji, pelekeni habari wiki mbili mbele. Semeni bei na nauli mbalimbali. Nusu ya fedha itangulie, ili wasianze safari na deni. Wakifika wapeni maji ya kunawa na chakula kabla ya kuanza, na muwaonyeshe watakapolala, hata kama ni ghalani juu ya mkeka. Mtoto mmoja mwenye adabu awekwe alinde gitaa wanapopumzika. Na kama chupa yao ikivunjika katika ngoma, msiwaletee ya bia, kwa maana ubavu wake ni laini, haukwaruziki. Watafutieni ile ya soda yenye mikunjo. Hazipatikani kwa urahisi siku hizi, lakini bibi yule wa jikoni huenda anayo moja, ametilia mafuta ya taa.